Paja Moja Halipo

Bakero alizima pikipiki kabla sijasikia harufu.
"Tumbusi wameshiba," alisema. "Hata kuruka hawawezi."
Tulikuwa tumeiacha Witu nyuma, Pandanguo bado mbele,
mvua ya kwanza imelowesha vumbi mara moja ikaenda zake,
na nyati amelala ubavu
kama gunia la mkaa lililoanguka njiani.
Tumbo limevimba. Viungo bado laini,
ingawa amekufa tangu jana.
Puani damu nyeusi, nyembamba,
damu iliyokataa kuganda.

Nilivaa glovu mbili mbili.
Sheria ya kwanza tuliyofundishwa: usimpasue.
Ukimpasua, kilichomo kinaonja hewa,
kinajifunga ganda kama mbegu
na kulala udongoni
mpaka wajukuu wako waje kuchunga hapo.
Kwa hiyo sikio tu. Ncha ya sikio,
tone moja juu ya kioo,
namba kumi na saba kwa wino usiofutika.

Kisha nikazunguka upande wa pili.
Paja moja halipo.

Si fisi. Fisi hana mkono wa namna hii:
mkato umefuata kiungo, safi,
kisu cha mtu anayeijua nyama,
mtu mwenye watoto.
Bakero alitazama miti. Hapa ni kwao.

Fomu ina safu ya aina ya mnyama,
safu ya mahali, safu ya hali ya mzoga.
Haina safu ya njaa.
Chini kabisa imeandikwa: wajulishe askari wa wanyamapori.
Nikiwapigia leo, gari la kijani litatangulia,
na aliyekula ataingia msituni na homa yake.
Niliandika: "sehemu ya mzoga haipo",
maneno yasiyo na mkono.

Kimeta. Jina lenyewe lingefaa mkufu wa bi harusi,
kitu cha kung'aa shingoni, Mkomani, usiku wa kupambwa.
Jioni, Mpeketoni, umeme ukija na kwenda,
nilikiona kwenye darubini:
vijiti vya buluu, ncha kwa ncha,
kama watoto wa chuo wakivuka barabara wameshikana.
Mungu anisamehe, vilikuwa vizuri.

Kesho yake hatukuuliza habari za nyama.
Muuguzi Shekue alisema tumekuja kutazama mikono.
Mikono tu, jamani.
Wakanyoosha mmoja mmoja,
mikono yenye makovu ya nyuki, yenye sugu za jembe.
Bi Barwako aliuficha wa kulia chini ya leso.
"Si kitu," alisema. "Hakiumi."

Juu ya kiwiko, kidonda kidogo,
katikati cheusi kama kaa lililozimika.
Hicho ndicho kinachonitisha, mama.
Kinachouma hujitangaza chenyewe.

"Kuokota si kuiba," aliuambia mlango, si mimi.
"Si kuiba," nikamjibu.
"Nani wengine walishika ile nyama?"
Alinitazama kama anayepima kitambaa
na hana hakika na muuzaji.
Kisha akataja majina. Sita.
La mwisho lilikuwa la mtoto ambaye hajaanza shule.

Tulimfukia nyati bila kumburura,
shimo kina cha mtu na kimo cha mtoto juu yake,
Bakero akimwaga chokaa gunia baada ya gunia,
chokaa ile ile ya kuta za nyanya yangu Langoni,
aliyokuwa akituonya tusiiguse ikiwa mbichi.
Nilizungusha miiba. Nikaandika tarehe.
Nitarudi mvua zijazo, na zile zitakazofuata,
kuuliza udongo kama bado umelala.

Dawa ilitosha watu saba, na dozi moja ikabaki.
Njiani Bakero alisimamisha pikipiki pasipo na kitu,
pasipo na harufu, pasipo na ndege,
akavua glovu ya kushoto
na kunyoosha kiganja bila kugeuka.

Nilikumbuka jana: nani alijua pa kusimama?
Sikuuliza. Nilimhesabia vidonge.
Alimeza cha kwanza kikavu, bila maji,
akapiga stata.